Mwanangu hakai kitako hata dakika 5: masomo ya nyumbani niyapange vipi?

SUALI

Assalaam alaykum Mwalimu,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Wete, Pemba. Mtoto wangu wa kati ni mwanamme wa miaka 6. Mwaka jana tulimpeleka Unguja hospitali, tukaambiwa ana usonji. Maneno anayosema kwa kusudi lake hayazidi kumi, lakini matangazo ya televisheni huyatoa kama yalivyo, na kuhesabu anahesabu 1 mpaka 20 bila ya kukosea. Ukimwambia "nipe viwili" hukutazama tu, au huanza kuhesabu upya.

Skuli ya maandalizi alikaa wiki chache, wakatwambia tukae naye nyumbani kwanza mpaka atulie. Basi nimeamua nimsomeshe mwenyewe. Kila siku saa 3 asubuhi namkalisha ukumbini na kitabu cha herufi, nia yangu tusome saa nzima. Dakika mbili tatu keshainuka. Nikimrejesha anapiga kelele, anajing'ata mkono, kitabu kinaruka. Nikimwacha, huyo uani kwenye maji. Maji ndiyo roho yake, pamoja na vifuniko vya chupa ambavyo huvipanga mstari kutwa. Blenda ikiwashwa au honda ikipita huziba masikio.

Nina mchanga wa miezi 8, na dada yao yuko darasa la 5, hurudi skuli mchana. Baba yao mvuvi; akenda dago hatumwoni kwa siku nyingi. Mama mkwe tunaishi naye, na anasema namdekeza, bakora mbili tu atakaa. Siku nyengine humpa simu ili anyamaze, na ikichukuliwa ndio balaa kubwa zaidi.

Naomba unijibu: asome saa ngapi kwa siku? Nianze na kitu gani ikiwa herufi hazitaki? Ratiba niifanye vipi nami sina kompyuta wala mashine ya kuchapishia? Na chuoni, kwa Kurani, nimpeleke au ningoje?

Mama wa Wete

JAWABU

Wa alaykum salaam dada. Nianze na muda, maana ndio ulioharibu mengine yote. Saa nzima ni nyingi mno. Anza na dakika 3. Na zikitimia hizo 3 umalize aondoke, hata kama siku hiyo umemwona katulia na roho inakwambia uongeze. Wiki ya kwanza masomo mawili kwa siku, halafu matatu, halafu manne. Ukifika masomo 4 ya dakika 5 mpaka 7, umepata kama nusu saa ya kazi ya kweli, na kwa mtoto wa hali yake hiyo ni siku iliyojaa.

Litazame lile somo la saa 3 kwa upande wake. Kitabu kina herufi chungu nzima, mama amekaa mbele yake, na hakuna chochote machoni pake kinachoonyesha kazi hii inakwisha lini. "Bado kidogo" kwake ni maneno matupu. Njia ya kulimaliza somo ameigundua mwenyewe, nayo ni kelele: akipiga kelele, kitabu kinaondoka. Ndiyo maana kila siku anaanza kelele mapema zaidi kuliko jana. Kwa hiyo unapopanga somo, upange kwanza mwisho wake, uwe kitu anachokiona kwa macho na kukishika kwa mkono. Kama kuna jambo moja la kulishika katika barua hii, lishike hili.

Kujua muda wake hasa, mwangalie siku mbili bila ya kumsomesha kitu kigumu. Mpe kazi nyepesi ukae naye, halafu tazama ni dakika ya ngapi zinapoanza dalili: kuguna, kuvuta nguo, kutazama mlango. Hesabu mpaka dalili ya mwanzo, usingoje mpaka akimbie. Zikianza dakika ya 4, somo lake liishe dakika ya 3. Anaondoka ungali umebakisha, na kesho hakatai kuja.

Sasa vifaa. Tafuta vikapu viwili vidogo au mabeseni mawili. Cha kushoto kina kazi, cha kulia kitupu. Kazi iwe vipande vinavyohesabika, 5 au 6. Kila kimoja akimaliza kinahamia kulia. Cha kushoto kikiwa kitupu, somo limekwisha, na huhitaji kumwambia. Utaratibu huu unatokana na ule unaoitwa TEACCH, ulioanzishwa na Eric Schopler na wenzake katika Chuo Kikuu cha North Carolina, Marekani, na umejengwa juu ya masuali manne ambayo kila somo limjibu mtoto bila ya maneno: kazi gani, kiasi gani, nitajuaje imekwisha, na baada yake kuna nini. Somo lako likishindwa, pitia hayo manne. Mara nyingi utaona moja halina jawabu.

Mwendo wa kushoto kwenda kulia unamzoeza upande atakaosomea Kiswahili. Alifu zitaanzia kulia, najua, lakini usichanganye mapema. Akishazoea vikapu, ubao wa chuo utakuwa na mwelekeo wake.

Mahali: pembe ya chumba, yeye mgongo upande wa ukuta, pabaki nafasi ya mtu mmoja nyuma yake, wewe ubavuni pake au mbele, na mlango wa kutokea uwe nyuma yako. Usimkalishe mahali anapoona uani, maana akiyaona maji huna somo. Mkeka wa rangi nyingi ni mzuri wa wageni, lakini kwake kila ukindu mwekundu ni kitu cha kutazama. Tandika shuka ya rangi moja au kaniki juu yake. Akikaa kiti, miguu iguse chini. Miguu inayoning'inia haitulii, na wengi wanaosemwa watundu kiti ndicho kirefu. Kazi iweke juu ya sinia lenye ukingo ili vitu visibingirike, lakini sinia la bati lina mlio. Kitu kikianguka juu yake, mtoto anayeziba masikio kwa blenda atashtuka. Litandikie kitambaa, au tumia la plastiki.

Saa isikushughulishe. Mtoto huyu hasomi saa, anasoma mfuatano: baada ya chai kuna kazi, baada ya kuoga kuna kazi, baada ya chakula cha mchana kuna kazi. Ufungamanishe kila somo na jambo ambalo kila siku lipo, hata kama chai siku hiyo imechelewa. La asubuhi liwe mchanga akilala, la mchana liwe dada mtu amesharudi. Kabla ya kula hapana somo gumu. Njaa na usonji havikai pamoja.

Na malipo ya kazi unayo tayari. Maji. Siku zote ameyapata kwa kukimbia somo. Kuanzia sasa yaje kwa kulimaliza. Ila nayo yawe na mwisho unaoonekana: beseni tupu, kikombe, na kata mbili za maji. Yakimwagika yote, yamekwisha. Ukimwachia ndoo nzima hutomtoa, na utakuwa umezua ugomvi mwengine. Hapa niongeze jambo zito: watoto wenye usonji wengi huvutwa na maji na huweza kuondoka nyumbani kimya kimya kuyafuata, na kuzama ni hatari inayojulikana kwao. Pipa la uani liwe na kifuniko kizito, kisima kifunikwe, majirani wa upande wa pwani wajue kuwa mtoto huyu akionekana peke yake arejeshwe. Kwa huyo mchanga wako anayetambaa, hata ndoo yenye maji kidogo ni hatari.

Vifuniko vya chupa navyo usivifanye kazi ya somo, ingawa ndivyo anavyovipenda. Ukimwambia atie vifuniko vyake ndani ya kopo, kwake umemnyang'anya. Viwe malipo ya pili: kazi imekwisha, chukua vifuniko 10 upange. Kazi ifanywe kwa vitu ambavyo havimgusi moyo.

Kuhusu cha kuanzia: weka kitabu cha herufi kabatini kwa mwezi mmoja. La mwanzo ni kuomba. Mtoto wa maneno kumi anayepiga kelele akitaka kitu, ukimfundisha njia nyengine ya kukitaka, kelele zenyewe hupungua, na masomo mengine hupata nafasi. Njia iliyonyooka ni ya kubadilishana picha na kitu, ambayo Andy Bondy na Lori Frost waliianzisha Marekani mwaka 1985. Inataka watu wawili, na msaidizi unaye: binti wa darasa la 5.

Chukua kitu kimoja anachokitaka sana siku hiyo. Tuseme ndizi mbivu iliyokatwa vipande vidogo kama ukucha, 10. Piga picha ya ndizi kwa simu, kaitoe studio wanakosafisha picha za paspoti, ibandike kwenye kadi ya boksi la biskuti ya sentimita 7 kwa 7, kisha uifunike yote kwa selotepu pana ili mate na maji yasiiharibu. Wewe kaa mbele umeshika kipande cha ndizi anakiona. Dada mtu akae nyuma yake. Kadi iko baina yenu. Akinyoosha mkono kuifuata ndizi, dada mtu aushike ule mkono taratibu, auelekeze kwenye kadi, aiinue naye, aiweke kiganjani mwako. Papo hapo mpe kipande na useme neno moja, "ndizi". Dada mtu hasemi kitu. Rudia mpaka vipande 10 viishe, na kuisha kwake ndio mwisho wa somo. Siku zinavyokwenda, mkono wa dada mtu upungue: kutoka kiganja kwenda kwenye kifundo, kutoka kifundo kwenda kwenye kiwiko, mwisho usiguse kabisa.

Hapa wengi huharibu kwa jambo dogo: wanauliza "unataka nini?" kila mara. Mtoto anajifunza kuwa kuomba ni kitu cha kungoja kuulizwa, na usipouliza hakuombi. Nyamaza, ungoje, ukishikilie kitu. La pili, wanatoa kipande kikubwa. Anashiba kwa vitatu na somo limekufa. La tatu, wanataka aseme kwanza ndipo wampe. Hapana, kadi ni neno. Kadi haizuii ulimi. Kwa baadhi yao neno huja nyuma yake.

Akishaijua kadi ya ndizi, na ya pili ya maji, mpe kadi ya tatu: "basi". Ni kadi nyekundu tu, haina picha. Dalili zikianza, kabla ya kelele, mwelekeze mkono aikabidhi, na papo hapo kazi isimame kwa dakika moja. Wiki mbili za mwanzo iheshimu kila mara anapoitoa, hata akiitoa mara tano ndani ya somo. Watu huogopa kuwa ataifanya ndiyo njia ya kukimbia. Ndiyo, na ni njia nzuri kuliko kujing'ata mkono. Ikizidi, baadaye utasema "kimoja, halafu basi".

Somo la pili ni la mikono. Chukua makopo mawili ya maziwa ya unga. Ukingo ukiwa mkali uzungushie selotepu. Kopo moja libandike karatasi nyekundu, jengine ya buluu. Vibanio vya nguo 6, vitatu vyekundu, vitatu vya buluu, na chagua vile vilivyolegea kidogo, maana kibanio kipya hata mkubwa humwuma chanda. Kazi ni kukibana kibanio kwenye ukingo wa kopo la rangi yake. Siku ya kwanza bana vitano mwenyewe mbele yake, umwachie kimoja. Akibana, imekwisha, maji. Kesho umwachie viwili. Kuanza kwa kumwachia mwisho kuna faida moja kubwa: kila siku yeye ndiye anayemaliza, na mwisho ndiyo sehemu tamu.

Ukimsaidia, usaidie kutoka nyuma, mkono wako juu ya wake, bila ya maneno. Maneno ndiyo yanayotuponza. "Weka. Weka baba. Weka hapo. Hapo bwana, si nimekwambia hapo? Weka mwanangu." Wewe unajiona umesema jambo moja, yeye amesikia mambo matano na hajui lipi la kulishika. Sema "bana" mara moja. Hesabu moyoni mpaka kumi, polepole. Hajafanya, mwongoze kwa mkono. Zile sekunde kumi ni ndefu kwa mama, lakini watoto hawa wengi jawabu wanalo, linachelewa kutoka.

Vibanio 6 vimetoka kabatini, 6 virudi. Hesabu kila siku, kwa sababu ya yule anayetambaa na kutia kila kitu mdomoni. Msimu wa karafuu utakushawishi umpe karafuu na makonyo achambue, na kweli ni kazi nzuri ya vidole, lakini ikiwa bado hutia vitu mdomoni ngoja. Karafuu kavu huunguza ulimi.

Hesabu: hilo la kuhesabu mpaka 20 na asijue "viwili" ni la kawaida sana kwao. Kwake 1 mpaka 20 ni wimbo. Hajui kwamba kila neno ndani yake ni kitu. Usiendeleze wimbo mpaka 50. Rudi kwenye 1, 2 na 3. Chora kadi tatu, moja ina duara 1, nyengine 2, nyengine 3, na namba imeandikwa juu. Kazi yake ni kuweka komwe moja ndani ya kila duara, kisha kadi nzima inaingia kikapu cha kulia. Duara zikijaa, zimejaa. Hakuna pa kuweka ya nne, na huko kujaa ndiko kunakomfundisha. Akizizoea wiki mbili, futa duara ubakishe namba peke yake kwenye kadi moja, ya 1. Halafu ya 2. "Nipe viwili" kwa maneno ije mwisho kabisa, na uweke vitu viwili tu mbele yake kwanza ili asiweze kukosea, kisha vitatu.

Herufi zitarudi, ila zije kwa mlango mwengine. Kitabu chako huenda kinaanza a, e, i, o, u, halafu ba, be, bi. Kwa mtoto anayekamata picha nzima, mara nyingi neno zima ni jepesi kuliko silabi: jina lake, "maji", "chai". Andika "maji" kwenye kadi mbili zilizo sawa, aoanishe neno na neno. Kisha neno na picha. Anza na maneno mawili yasiyofanana umbo, "maji" na "chai" sawa, "maji" na "moja" sivyo. Silabi utamrejesha akishajua kuwa maandishi yana maana.

Na hayo matangazo ya televisheni usiyakataze. Kurudia maneno aliyoyasikia mara nyingi ni namna yake ya kusema, ila ametumia maneno ya mtu mwengine. Sikiliza anayasema wakati gani. Akitoa tangazo la sabuni kila anapotaka kuoga, basi ameomba kuoga; mjibu "nataka kuoga", kama vile yeye ndiye anayesema, kisha mpeleke.

Ratiba haihitaji kompyuta. Kwanza tumia vitu vyenyewe: kikombe ni chai, kibanio ni kazi, kata ni kuoga. Viwili tu mwanzoni, kimoja kushoto kimoja kulia, kwanza na halafu. Kwanza kibanio, halafu kata. Ukishaviweka, usibadilishe, hata mgeni akipiga hodi. Umeahidi maji kwa kitu, na ukivunja mara mbili tatu ratiba imekuwa mapambo. Akielewa, badilisha vitu kwa picha, zifunge kwa vibanio kwenye uzi ukutani kwa urefu wa macho yake, tatu au nne. Kila jambo likimalizika aichomoe picha yake mwenyewe aitie ndani ya bahasha. Ramadhani ikikaribia, anza kubadilisha mpangilio wa uzi siku chache kabla, maana nyumba nzima inageuka saa zake na yeye hakuna aliyemwambia.

Siku somo likivunjika na mkono anaung'ata, usimhubirie. Tia kitambaa kilichokunjwa baina ya meno na mkono, nyamaza, ungoje apumue. Usilifute somo lote hapo hapo, wala usidai amalize vyote 6. Bakisha kibanio kimoja, kile chepesi, mwongoze mkono akibane, kimekwisha, ondoka. Jioni utafute sababu: kazi ilikuwa ngumu, ndefu, au kulikuwa na honda nje? Ikiwa siku mbili tatu mfululizo amebadilika bila ya sababu, angalia meno, masikio, tumbo, hasa choo kigumu. Hana maneno ya kusema panamuuma. Na kama hajapimwa usikivu, ulizia hospitali. Kuziba masikio kwa blenda hakumaanishi anasikia sawa sauti ya mtu.

Bakora sikuungi mkono nayo, na Bi mkubwa naomba nimwambie kwa adabu. Mtoto atakaa, kweli, kwa khofu, lakini atakachokihusisha na bakora ni pembe ile na sinia lile, na kesho hata kulikaribia hatotaka. Ila usimweke Bi mkubwa nje ya jambo. Mpe kazi yenye heshima: yeye ndiye anayetoa kata mbili za maji kikapu kikijaa. Baada ya wiki mbili mpe somo zima la kunawa mikono: mambo mengine yote anafanya yeye, mtoto anafanya la mwisho, kufuta mikono kwa taulo, halafu mawili ya mwisho, halafu matatu. Mtoto anayefanya kitu kwa mama yake tu bado hajakijua. Na baba akirudi dago afanye vile vile, kwa maneno yale yale, asije na njia yake.

Simu tatizo lake ni lile lile la saa nzima: haina mwisho. Pakua video mbili fupi za dakika 2 au 3, uzime intaneti. Video ikifika mwisho yenyewe, simu inaingia kikapu cha kulia na kibanio au ndizi inatoka. Usimnyang'anye katikati ya wimbo. Na kabla ya somo simu isionekane kabisa, kwani hakuna kibanio kitakachoshindana nayo.

Weka daftari moja. Kila somo mstari mmoja: tarehe, kazi, vingapi kafanya peke yake kati ya vile ulivyompa, dakika ngapi, na dalili zilianza lini. Akifanya 4 kati ya 5 peke yake siku tatu mfululizo, badilisha kitu kimoja: ongeza kibanio, au dakika moja, au rangi ya tatu. Kimoja tu, siyo vyote pamoja, la sivyo hutojua kilichomshinda. Akiwa chini ya 2 kati ya 5 siku tatu, somo ni gumu. Rudi nyuma hatua moja bila ya kuona haya. Ijumaa punguza, somo moja tu la asubuhi.

Daftari hilo lina kazi nyengine. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliitambua elimu mjumuisho, yaani watoto wenye ulemavu kusoma skuli pamoja na wenzao, kwa hiyo "mpaka atulie" siyo jawabu la mwisho. Nenda ofisi ya Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali hapo Pemba, ulizia wanaoshughulikia elimu mjumuisho na stadi za maisha, uende na cheti cha hospitali na daftari. Mwalimu akisoma kuwa mtoto anakaa dakika 6, anafuata ratiba ya picha na anaomba mapumziko kwa kadi nyekundu, ana pa kuanzia.

Chuoni mpeleke, lakini siyo kwa mlango ule wa watoto arubaini kila mmoja anasoma kwa sauti mahali pake. Mwombe maalim umpeleke wakati watoto hawapo. Akae dakika 3 pale patakapokuwa pake, karibu na mlango, aondoke. Fanya hivyo siku nne tano. Kisha akae na dada yake mwishoni mwa darasa, wakati wengine wanaanza kutawanyika, na kadi ya "basi" iwe mfukoni kwa dada mtu. Nyumbani msikilizishe sura moja fupi, kwa sauti ya msomaji mmoja, mara moja kila siku baada ya kuoga. Kwa kumbukumbu ile inayobeba matangazo mazima, huenda akaishika kwa masikio kabla ya kuijua alifu kwa macho. Maalim umweleze mapema kuwa kuziba masikio siyo utovu wa adabu, na kwamba akiitwa, aitwe jina lake mara moja, kisha angojewe.